Kutembelea Bustani za Vijijini Uingereza Majira ya Machipuko: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila mwezi Machi unapokaribia, maswali ni yaleyale. Hivi kweli mtu anaruhusiwa kuingia nyumbani kwa asiyemjua na kuzunguka bustani yake? Kiingilio ni kiasi gani? Unavaa nini? Watoto je? Choo kipo? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, unaruhusiwa, na unakaribishwa kwa moyo mweupe. Mengine tunayajibu hapa chini, kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayeishi Uingereza au aliyekuja kuwatembelea ndugu zake.

Bustani tunazozizungumzia hapa ni za watu binafsi: nyumba ya kijijini, ua wa mawe, miti ya matunda, kidimbwi, maua yaliyopandwa na wenyewe kwa miaka mingi. Wenyewe huzifungua siku chache tu kwa mwaka, na kiingilio huenda kwenye hisani. Mpango mkubwa kuliko yote unaitwa National Garden Scheme. Ulianza mwaka 1927 ili kuwachangia wauguzi waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa majumbani. Mwaka huo wa kwanza zilifunguliwa bustani 609 kwa shilingi moja kwa kichwa, zikapatikana zaidi ya pauni 8,000. Leo bustani ni zaidi ya 3,000, na fedha zinakwenda kwa mashirika ya uuguzi na afya kama vile Macmillan Cancer Support, Marie Curie na Hospice UK. Scotland ina mpango wake tangu 1931, Scotland's Gardens Scheme, na utaratibu wake unafanana na huu.

Lishike hilo tangu mwanzo: unaingia kwa mtu, na pesa yako inamfikia mgonjwa. Adabu nyingi utakazozisoma hapa zinatokana na hilo.

Unachohitaji kabla ya kutoka

- Viatu vya kufunika mguu, vyenye soli yenye meno. Nyasi za Aprili huwa na unyevu hata siku ya jua. Kama mvua ilinyesha siku mbili zilizopita, vaa mabuti ya mpira.
- Nguo za kuvaa tabaka kwa tabaka: fulana, sweta, na koti jepesi lisilopitisha maji. Aprili inaweza kukupa jua, upepo na mvua ya mawe katika alasiri moja. Suruali ndefu au sketi ndefu yenye soksi, kwa sababu ya kupe kwenye nyasi ndefu.
- Pesa taslimu: noti ndogo na sarafu. Bustani nyingi zina mashine ya kadi, lakini vijijini mtandao hukatika, na meza ya miche mara nyingi ni kopo la sarafu tu. Kiingilio cha mtu mzima kwa kawaida ni kati ya pauni 5 na 8. Watoto wengi huingia bure. Ongeza pauni 5 kwa kila mtu kwa chai na keki, na kiasi upendacho kwa miche.
- Dawa ya mzio kama chavua inakusumbua. Chavua ya mti wa birchi hushika kasi Aprili, na wengi waliokulia pwani ya Afrika Mashariki hugundua kwamba wana mzio huo wakiwa tayari katikati ya bustani.
- Simu yenye chaji, na picha ya ramani uliyoihifadhi kabla ya kutoka.
- Boksi la kadibodi au beseni dogo kwenye buti ya gari, la kubebea miche isilale njiani.
- Kijidaftari na kalamu. Sababu utaiona hatua ya saba.

Nini huchanua lini

Makosa mengi ya wanaoanza yako hapa. Mtu amesikia juu ya tulipu, anakwenda Machi, anakuta majani. Mwenzake anafuata blubeli mwishoni mwa Mei, anakuta mabua makavu.

Februari ni ya snodropu, viua vyeupe vidogo vinavyoinamisha vichwa, na baadhi ya bustani hufunguliwa kwa ajili yake pekee. Machi ni ya dafodili za njano, hellebori, na kamelia. Magnolia hufuata kuanzia Machi hadi Aprili. Tulipu hufikia kilele mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei. Blubeli, ambazo hutandaza zulia la buluu chini ya miti, hukolea kati ya wiki ya tatu ya Aprili na wiki ya pili ya Mei. Azalea, rododendroni na wisteria ni za Mei.

Kisha kuna tofauti ya mahali. Kusini-magharibi, yaani Cornwall na Devon, hutangulia. Kaskazini, yaani Yorkshire na Northumberland, hufuata nyuma, pengine kwa wiki mbili au zaidi. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tarehe za kufungua hupangwa miezi mingi kabla, wakati maua hufuata baridi ya mwaka ule. Kama Machi ilikuwa ya baridi kali, chagua tarehe za baadaye kidogo kuliko ulivyokusudia. Kama ilikuwa ya joto, wahi.

Ukiulizwa ushauri wetu kwa safari ya kwanza kabisa: nenda wikiendi ya mwisho wa Aprili au ya kwanza ya Mei, kusini au katikati ya Uingereza. Tulipu zipo, blubeli zipo, miti ya tufaha ina maua, na Jumatatu ya kwanza ya Mei ni siku ya mapumziko, kwa hiyo bustani nyingi hufunguliwa.

Hatua kwa hatua

1. Chagua ua kwanza, kisha bustani. Fungua tovuti ya National Garden Scheme, weka postikodi yako, umbali unaoweza kusafiri, na tarehe. Orodha itakuja ndefu. Usichague kwa picha ya nyumba. Soma maelezo na utafute maneno ya maua unayoyataka. Kama maelezo yanataja waridi na lavenda tu, hiyo ni bustani ya Juni. Hata ikifunguliwa Aprili, haitakuonyesha uzuri wake.

Kwa anayeanza, zinazofaa zaidi ni siku za kijiji, ambapo bustani kadhaa za kijiji kimoja hufunguliwa kwa tiketi moja. Unapewa ramani, unatembea nyumba hadi nyumba, na unaona jinsi watu watano wenye udongo uleule walivyofanya mambo matano tofauti. Bustani moja isipokuvutia, unahamia ya pili bila hasara.

2. Soma tangazo hadi mwisho, pamoja na alama ndogo. Alama zinaeleza kama kiti cha magurudumu kinapita, kama mbwa anaruhusiwa, kama kuna chai, kama kuna miche ya kuuza. Choo si cha kuhakikishiwa kila mahali. Nyumba ndogo zinaweza zisiwe nacho kwa wageni. Ukiwa na mtoto mdogo au mzazi mzee, hilo ndilo swali la kwanza.

Angalia saa kwa makini. Tangazo likiandika 2pm hadi 5pm, ni saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni kwa hesabu yetu. Unapowatumia wenzako ujumbe, andika saa zote mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kila mwaka kuna kundi linalofika mapema au kuchelewa kwa sababu mmoja aliandika "saa mbili" akimaanisha 2pm. Tena, Jumapili ya mwisho wa Machi saa zote husogezwa mbele kwa saa moja. Ukitegemea saa ya ukutani siku hiyo, utachelewa.

Ukiona maneno "By Arrangement", bustani hiyo inapokea wageni kwa miadi, na mara nyingi inataka kundi la idadi fulani. Hiyo ni nafasi nzuri sana kwa jumuiya, kikundi cha kina mama, madrasa au kwaya. Andika wiki kadhaa kabla. Taja tarehe mbili au tatu mnazoziweza, idadi ya watu wazima na watoto, mtakuja kwa magari mangapi au basi, na kama mtahitaji chai. Basi kubwa haliwezi kupita kila njia ya kijijini, kwa hiyo usilikodi kabla mwenyewe hajakuambia kwamba linafika.

3. Panga usafiri wa kwenda na wa kurudi. Wengi hupanga wa kwenda tu. Jumapili mabasi ya vijijini ni machache mno, na njia nyingine hazina basi kabisa siku hiyo. Njia ya kuaminika bila gari ni treni hadi mji wa karibu, kisha teksi uliyoiagiza siku moja kabla, kwa safari zote mbili. Usitegemee kuita teksi kwa programu ya simu ukiwa kijijini. Mara nyingi hakuna gari hata moja karibu.

Ukiwa na gari, kumbuka kwamba postikodi moja kijijini inaweza kubeba mashamba na nyumba zilizo mbalimbali. Ramani ya simu itakufikisha kwenye lango la jirani na kukwambia umefika. Soma maelekezo ya maandishi kwenye tangazo, na ukikaribia, fuata vibao vya njano vya mpango huo. Vibao hivyo vina uhakika kuliko simu.

Njia za mwisho mara nyingi ni za gari moja, zenye uzio mrefu wa miti pande zote na vijisehemu vya kupishana. Wanaendesha kushoto kama sisi Afrika Mashariki, kwa hiyo ingia kwenye kijisehemu kilicho kushoto kwako, au simama mkabala na kilicho kulia umwachie mwenzako apite. Aliye karibu na sehemu ya kupishana ndiye anayerudi nyuma. Usiegeshe hapo hata kwa dakika moja. Trekta au gari la wagonjwa litakwama.

4. Hakikisha asubuhi ya siku yenyewe. Upepo mkali, maji yaliyofurika kwenye uwanja wa kuegesha, au ugonjwa wa mwenye nyumba vinaweza kufuta siku nzima. Fungua ukurasa wa bustani kabla ya kuvaa viatu. Dakika mbili hizi zinaokoa nauli ya watu sita.

Waislamu wapange na sala. Baada ya saa kusogezwa, Adhuhuri huingia kusini mwa Uingereza karibu na 1pm, yaani saa saba mchana, na Alasiri hukaribia mwisho wa muda wa bustani. Sali Adhuhuri kabla ya kuingia. Ukihitaji pembe tulivu ya kusali ukiwa ndani, mwulize mtu wa mezani kwa upole. Kusogea tu nyuma ya kibanda bila kusema kunaweza kukupeleka sehemu wasiyoifungua.

5. Fika mapema, egesha unapoelekezwa, lipa. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye utulivu na keki zote. Uwanja wa kuegesha mara nyingi ni malisho. Kukiwa na matope, usisimame mteremkoni pua ikitazama chini, na ukiondoka usikanyage mafuta kwa nguvu. Gia ya pili na mwendo wa taratibu hutoa gari ambalo gia ya kwanza ingelizamisha.

Langoni kutakuwa na meza na mtu wa kujitolea. Msalimie, lipa, chukua ramani. Mwulize mambo matatu papo hapo: choo kiko wapi, sehemu gani hazijafunguliwa, na nini kimechanua vizuri zaidi leo. Hilo la tatu linakuokoa na kuzunguka kwa kubahatisha.

6. Zunguka mara mbili. Mzunguko wa kwanza tembea bila kusimama sana, dakika kumi na tano au ishirini, ili ujue bustani inaanzia wapi na kuishia wapi. Usipige picha bado. Mzunguko wa pili ndio wa kuinama, kusoma vibao vya majina, kunusa na kupiga picha. Anayesimama kwenye kila ua tangu langoni huishiwa muda na nguvu kabla hajafika mahali penye uzuri, na mara nyingi mahali hapo ni mwisho kabisa, penye miti.

Tembea njiani. Nyasi fupi zilizokatwa zinakanyagika. Nyasi ndefu zenye majani ya dafodili yaliyonyauka hazikanyagiki, hata kama zinaonekana kama mahali palipotelekezwa. Mwenyewe ameziacha kwa makusudi. Dafodili ikimaliza kuchanua, majani yake huendelea kwa wiki sita hivi kujaza chakula kwenye kitunguu chake kilicho ardhini. Ukiyavunja, mwakani hakuna ua.

Kwa blubeli onyo ni kali zaidi. Jani lililokanyagwa halipati nafuu msimu ule, na kitunguu kikikosa chakula hudhoofika. Sehemu iliyokanyagwa na watu wengi huchukua miaka kurudi. Msimweke mtoto katikati ya zulia la buluu kwa ajili ya picha. Pigeni kutoka njiani, kamera ikiwa chini usawa wa magoti, na picha itaonekana kama yuko katikati yake. Kuchimbua blubeli za porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori na mashambani ya mwaka 1981.

Mengine ya adabu, kwa kifupi. Mlango uliofungwa uache umefungwa, hata wa kibanda cha vioo. Usichungulie madirishani. Usichomoe kibao cha jina la mmea ili ukisome. Inama, au kipige picha kikiwa palepale, kwa sababu kikirudishwa vibaya mwenyewe anapoteza kumbukumbu ya miaka. Usikate kijiti "kidogo tu" cha kwenda kuotesha. Huo ni wizi, na wenye bustani huugundua. Omba, mara nyingi utapewa, na utaelezwa jinsi ya kukiotesha. Picha za nyumba, za namba za magari na za wageni wengine usizisambaze. Droni isahau kabisa.

7. Muulize mwenyewe. Hapa ndipo safari hii inaposhinda bustani yoyote ya makumbusho. Aliyepanda yuko pale, mara nyingi kavaa beji au kofia ya jua, na anapenda sana kuulizwa. Wageni wetu wengi hupita kimya kwa kuogopa Kiingereza chao au kwa kudhani watasumbua. Mtu aliyefungua geti lake kwa ajili ya wagonjwa na akang'oa magugu mwezi mzima hasumbuliwi na swali la maua yake.

Swali la "hii ni maua gani?" linakupa jina tu. Uliza haya, na uandike majibu kwenye kijidaftari:

Udongo wako ni wa aina gani? Jibu hili linaamua kila kitu. Rododendroni, azalea na kamelia zinataka udongo wenye tindikali. Kwenye ardhi ya chokaa, kama ile ya vilima vya South Downs, zinageuka njano na kufa taratibu. Kama ulivyoviona hapa vinapenda udongo usiokuwa nao nyumbani kwako, usinunue. Au panda kwenye chungu chenye mchanganyiko wake maalumu.

Eneo hili hupata jua saa ngapi kwa siku? Tulipu zinataka jua; hellebori zinaridhika na kivuli cha miti.

Vitunguu hivi ulivipanda mwezi gani, kina kiasi gani? Utasikia kwamba maua ya Aprili yalipandwa vuli iliyotangulia: dafodili Septemba, tulipu Novemba, kwa kina cha mara mbili hadi tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe. Anayesubiri machipuko ndipo anunue vitunguu amechelewa karibu mwaka mzima.

Baada ya ua hili, mahali hapa pataota nini? Bustani nzuri haiachi pengo, na jibu la swali hili ndilo siri ya kazi yote.

8. Kaa kwenye chai. Usiruke hatua hii. Pesa ya chai nayo mara nyingi huingia kwenye hisani, na meza ya chai ndipo wanakijiji wanapozungumza. Kutakuwa na skoni na jamu na krimu nzito, keki ya sponji, keki ya limau, keki ya kahawa na jozi. Chai ni nyepesi, maziwa huongezwa baridi juu. Ukitaka yenye rangi, omba iachwe ikolee. Anayeshika masharti ya chakula aulize kuhusu mafuta ya nguruwe kwenye vitafunio vya unga uliokandwa kwa mafuta (pastry), jelatini kwenye vitindamlo, na pombe kwenye keki ya matunda. Aliyeipika huwa amesimama palepale, kwa hiyo jibu ni la uhakika. Rudisha kikombe chako kwenye trei.

9. Nunua miche kwa akili. Miche ya meza hizi ni nafuu na imeshazoea hali ya hewa ya eneo lile. Tazama chini ya kikopo: mizizi michache ikichungulia ni sawa, ikiwa imejizungusha kama kamba, mmea umekaa humo muda mrefu. Tazama juu ya udongo: magugu na utando wa kijani kibichi unaoota penye unyevu vitahamia kwako. Chagua mfupi ulionenepa uache mrefu uliochanua tayari.

Kosa kubwa la Aprili ni kununua mimea isiyostahimili baridi, kama vile dalia na pelagonia, na kuipanda nje jioni ileile. Sehemu kubwa ya Uingereza jalidi inaweza kupiga hadi katikati au mwisho wa Mei. Iweke dirishani ndani. Kisha, ukikaribia mwisho wa Mei, itoe nje mchana na kuirudisha usiku kwa siku 10 hadi 14 kabla ya kuipanda.

Watoto na mimea yenye sumu

Watoto wanakaribishwa, lakini bustani hizi hazikujengwa kwa ajili yao. Vidimbwi havina uzio, na ngazi za mawe huteleza. Mtoto wa chini ya miaka mitano ashikwe mkono muda wote penye maji.

Waambie kabla ya kuingia: hakuna kuonja chochote. Kitunguu cha dafodili kinafanana na kitunguu maji na kinaleta kutapika. Foxglove, ambayo Aprili bado ni majani laini tu yenye manyoya, huvuruga mapigo ya moyo. Mti wa yew, ule wa kijani cheusi wenye majani kama sindano, una sumu majani na mbegu. Laburnum, wenye vishada vya njano vinavyoning'inia Mei, una sumu hasa kwenye mbegu. Euphorbia ikivunjwa hutoa utomvu mweupe kama wa mnyaa. Ukigusa jicho unaunguza, kwa hiyo osha kwa maji mengi mara moja na utafute msaada wa daktari. Mtoto akila kitu usichokijua, piga picha mmea mzima, mwulize mwenye bustani jina lake, kisha piga 111, namba ya ushauri wa afya. Akiwa na shida ya kupumua au amezirai, piga 999, namba ya dharura.

Jioni mkirudi, kagueni miguu, nyuma ya magoti na kiunoni. Kupe anaweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Mng'oe kwa kibanio chembamba, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja bila kumminya tumbo. Doa jekundu linalotanuka siku au wiki zinazofuata ni sababu ya kumwona daktari.

Mambo yakienda kombo

*Nimefika, hakuna maua niliyoyafuata.* Mwulize wa mezani yako wapi yaliyochanua sasa, na kwa ajili ya mwakani andika tarehe na hali uliyoikuta. Kama blubeli bado ni machipukizi, rudi baada ya siku 10 kwenye bustani nyingine ya eneo hilohilo. Yakishapita, tafuta bustani iliyo kaskazini zaidi au mlimani zaidi.

*Mvua imeanza tukiwa ndani.* Wengi hukimbilia garini. Subirini kwenye hema la chai. Mvua za Aprili mara nyingi hupita upesi, na baada yake mwanga huwa laini na rangi hukolea, wakati mzuri kuliko wote wa picha. Ila njia za mbao na mawe sasa zinateleza.

*Kigari cha mtoto hakipiti.* Kokoto ndizo adui wa magurudumu madogo. Kivute kinyumenyume badala ya kukisukuma, au kiache mezani na umbebe mtoto kwa kanga mgongoni. Kiti cha magurudumu ni suala jingine: alama kwenye tangazo wakati mwingine inahusu sehemu tu ya bustani, kwa hiyo piga simu kabla na uulize kuhusu ngazi na upana wa malango.

*Simu haina mtandao na teksi haijafika.* Rudi mezani, omba kutumia simu ya nyumbani. Hakuna atakayekukatalia.

*Tumechelewa, imebaki nusu saa.* Bustani nyingi husimamisha kuingiza watu karibu na dakika 30 kabla ya kufunga. Mkikubaliwa, nendeni moja kwa moja sehemu ya mbali kabisa, kisha mrudi mkitazama. Wakati wa kufunga ukifika, tokeni. Wenyewe wamesimama tangu asubuhi.

*Nimekunja jani au kuvunja shina kwa bahati mbaya.* Mwambie mwenyewe. Wakati mwingine shina lililovunjika linaweza kuoteshwa likiwekwa mapema, na likikaa chini mpaka kesho linakufa.

*Miche imenyauka kabla ya kufika nyumbani.* Usiimwagie maji juu. Tumbukiza kikopo chote kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yaishe, kiache kichuruzike, kisha kiweke kivulini siku mbili.

*Nataka kuwapelekea ndugu Mombasa au Dar es Salaam.* Usitie mmea, mbegu wala kitunguu cha maua kwenye sanduku bila karatasi. Unahitaji kibali cha kuingiza kinachotolewa kabla ya safari, na mamlaka ya afya ya mimea, yaani KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka Uingereza. Na hata ukivipata, tulipu pwani haitakuchanulia mwaka baada ya mwaka: kitunguu chake kinahitaji wiki 12 au zaidi za ubaridi wa chini ya nyuzi 9 hivi ndipo ua litoke, na ubaridi huo Mombasa uko kwenye friji tu.